Vijana Wetu na Msitu wa Karura



Msitu wa Karura, wenye hekta zipatazo 1,041 ndani ya jiji la Nairobi, sehemu yake ilikwisha kugawiwa wajenzi wa majumba. Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda mti huko, wakavamiwa, naye akajeruhiwa kichwani. Habari hiyo huwasimulia vijana kila niwaongozapo msituni, kwa sababu kazi yenyewe haina sifa: kung'oa lantana pamoja na mizizi yake (ikikatwa tu huchipua upya) na kuipalilia mihugu michanga, mti ambao hukua polepole mno.

Viongozi wa walei, tuseme kweli. Twapenda kupeleka umati wa vijana wapande miche asubuhi moja, tupigwe picha, kisha miche ikauke kiangazi cha Januari. Mimi mwenyewe nimekosa. Niliwahi kuwapeleka vijana thelathini bila glavu wala chai. Walirudi mikono imechanika, na juma lililofuata walikuja sita. Niliwalaumu kwa uvivu, tena madhabahuni! Kijana asiye na ajira hutoa siku nzima ya kutafuta kibarua, nasi twamwita mwenye kujitolea, huku aliyekodisha hema la sherehe akilipwa bila kuchelewa.

Heri vijana wanane wenye posho, majembe imara na eneo moja la kulitunza mwaka mzima. Fedha zipo. Tuanze na fungu la mahema.