Baisikeli ya Njia Mbili

Mtu anunuaye baisikeli mara nyingi hutazama kwanza rangi yake. Hilo ni kosa, maana baisikeli huenda kwa magurudumu, haiendi kwa rangi.

Mfano ni mkulima wa Shinyanga. Hutoka kwake kwa njia ya mchanga na mawe, kisha huifikia barabara ya lami iendayo mjini. Akinunua baisikeli ya mashindano, yenye mpira wa upana wa milimita 25 hivi, itakwenda upesi juu ya lami, lakini mchangani itazama. Akinunua ya milimani, yenye mpira wa milimita 50 na zaidi, mchanga hautamshinda, bali kwenye lami atachoka bure. Imfaayo ni ya katikati, yenye mpira wa milimita 40 hivi. Barabarani aujaze upepo vema. Mchangani aupunguze kidogo, nao utatandaa usizame.

Tena atazame nafasi iliyopo kati ya mpira na fremu. Ikiwa ndogo, wakati wa mvua udongo mweusi wa mbuga utanasa hapo, na gurudumu halitazunguka. Kisha aulize kama vipuri vyake hupatikana kwa fundi wa karibu.

Wako wasemao kwamba chombo cha kazi mbili hakifanyi hata moja vizuri. Maneno hayo yamfaa mwenye baisikeli mbili. Mwenye fedha ya moja tu, na mazao ya kupeleka sokoni, heri achukue ile isiyo ya mbio sana, lakini itakayomfikisha.