Kwenu ni kwa Nani?

Karibu kila makala iliyoletwa kwa ajili ya toleo hili ilikuwa na mtu aliyepasuka. Mama Mnyakyusa, baba Msukuma, na mtoto katikati kama gogo linalongoja kabari. Zilipofika tano nikaanza kuhesabu nyufa badala ya kusoma. Nyingi nimezirudisha. Waandishi hawakusema uongo, ila ufa wenyewe wameuazima, na hakuna aliyejisumbua kuuliza unaanzia wapi.

Wasomaji wa siku nyingi wanajua jibu langu na wanaweza kuruka aya mbili zijazo. Ufa unaanzia kwenye hesabu ya ukoo. Ngoma, vyakula na lugha za nyumbani mtoto huzibeba zote bila kuchoka.

Chukueni watoto wawili wa kiume. Wa kwanza baba yake ni Mchaga wa Marangu, mama yake Mluguru wa Matombo. Uchagani mtoto ni wa baba, Uluguru mtoto ni wa lukolo la mama yake. Basi huyu anagombewa: babu anamhesabu kwenye kihamba, na wajomba kule milimani wanamhesabu kwenye mashamba ya ukoo. Sasa geuzeni, baba awe Mluguru na mama Mchaga. Marangu watampokea vizuri sana, watampa mtori, kisha watauliza kwa baba yake ni wapi. Matombo nako watampokea vizuri sana, kisha watauliza mama yake ni lukolo gani. Mchanganyiko ni uleule, hata ndizi mezani ni zilezile. Mmoja ana kwao kuwili na mwingine ni mgeni mheshimiwa kotekote.

Mimi ni huyo wa pili. Baba alipofariki, shangazi alinilaza kitandani kwake, yeye akalala chini, na asubuhi akanichemshia uji kwa mikono yake. Shamba la baba lilikwenda kwa mwana wa shangazi huyo, kama mila inavyotaka, na binamu yangu huyo hakuninyang'anya kitu. Watu waliponiona nalia wakasema kijana amechanganyikiwa, hajui yeye ni Mchaga au Mluguru. Nilijua vizuri kabisa. Nilikuwa nimefiwa na baba, na nimekosa shamba.

Mtaniambia hayo ni ya zamani, siku hizi baba wa Kiluguru ananunua kiwanja Morogoro mjini na kumwandikisha mwanawe. Ni kweli, na wanafanya vyema. Lakini angalieni serikali ilivyoingia katika hesabu hii. Sheria za mila zilipoandikwa mwaka 1963, katika Matangazo Na. 279 na 436, zilizoandikwa ni za jamii zinazofuata ukoo wa baba. Waluguru, Wamakonde, Wamakua na Wayao wakaachwa na mila zao midomoni mwa wazee. Tangu hapo tunazungumza kana kwamba kabila la mtoto ni la baba yake kwa asili ya dunia, na anayesema vinginevyo anaonekana ana tatizo la utambulisho. (Neno hilo, "utambulisho", nimelifuta mara nyingi sana mwezi huu.)

Mchangiaji wetu mmoja anaona nachimbua maiti: sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967, na taifa limekwisha kutuunganisha. Sensa imeacha kuuliza, sawa. Kamati ya mazishi haijaacha. Mwili unasafirishwa kwenda wapi? Nani anaketi na wenye msiba, nani anaketi na waliokuja kuhani? Ajibu hayo nami nitanyamaza.

Makala kuhusu familia za Kizanzibari zilizohamia Maskati baada ya 1970 ni nzuri na ina picha. Ile ya Wapemba wa Kenya, waliotambuliwa rasmi mwaka 2023 baada ya kuishi miaka mingi bila vitambulisho, ingestahili kurasa zaidi kama nisingezitumia mimi. Shairi lina huzuni kupita kipimo changu, ila vina havina kasoro.

Anzeni na makala ya mwalimu wa Masasi. Baba yake Mmakua, mama yake Muha, yaani yuko upande wangu wa hesabu, na bado hakubaliani nami hata kidogo. Anasema mhariri kila akiona mtoto anamtafutia shamba, wakati yeye utoto wake wote alikuwa akitafuta mtu wa kutaniana naye: watani wa baba walimwona si wao, na wa mama walikuwa mbali, Kigoma. Nimejaribu kumjibu mara tatu. Makala yake nimeichapa nzima, isipokuwa "utambulisho", ambalo alilitumia mara moja tu.