Tuliliona Buibui, Hatukumuona Aliyelivaa



Mwaka jana, usiku mmoja baada ya Isha, tulikuwa tumekaa barazani Majengo, vijana kama kumi hivi, kahawa mkononi. Simu ikaanza kuzunguka. Ilikuwa video ya muziki. Msichana amevaa buibui na nikabu, anapita kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, msanii anaimba nyuma yake. Kufika ubeti wa pili buibui lishavuliwa, ndani kuna nguo ya kuogelea, na msichana anacheza katikati ya wanaume wanne.

Baraza likawaka. "Wanatudharau hawa!" "Turipoti hii akaunti!" "Na huyu ni binti wa nani?" Kabla kahawa haijapoa, watu walishajua ni binti wa nani, anakaa nyumba gani na anauza duka gani.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niandike leo. Aliyeimba hakutafutwa. Aliyeshika kamera hakutafutwa. Aliyetoa pesa hakutafutwa. Aliyetafutwa usiku ule ni msichana aliyelipwa shilingi 2,000 kwa kazi ya kutwa nzima. Baadaye aliwaambia dada zetu kwamba habari ya kuvua buibui alielezwa pale pale, kamera zishawashwa, watu wote wamesimama wanamngoja yeye. Wiki mbili hakutoka nje. Simtaji yeye wala simtaji msanii, manake kutaja ni kumzungusha mtaani tena.

Sasa tuulizane. Tulikasirika kwa nini hasa? Kwa sababu ya buibui, au kwa sababu ya binadamu aliyekuwa ndani yake?

Sisemi kukasirikia alama ni upuuzi. Alama zina nguvu, ndiyo maana wenye video wanazitafuta. Watu wa video wana dakika tatu au nne tu. Hawana muda wa kukueleza hadithi ndefu, kwa hivyo wanachukua kitu ambacho jicho lako linakijua tayari. Mlango wa nakshi, unajua uko Pwani. Ngamia na mchanga, unajua ni "Uarabuni". Buibui, unajua kuna siri. Na likivuliwa, unaambiwa siri yenyewe ni mwili tu.

Mwaka 2014 Katy Perry alitoa video ya wimbo wa "Dark Horse", yeye akiwa kama malkia wa Misri ya kale. Wanaume wanamletea zawadi, naye anawageuza. Mmoja wao alivaa kidani chenye jina la Allah kwa maandishi ya Kiarabu, kisha akageuzwa mchanga, yeye na kidani chake. Mwislamu mmoja wa Bradford, Uingereza, akaanzisha ombi mtandaoni, na watu zaidi ya 60,000 wakatia saini. Wenye video wakakifuta kile kidani. Hakuna aliyepigwa, hakuna kilichochomwa. Watu walieleza kilichowaumiza, na wakasikizwa. Hayo ni mafanikio, na tusiyadharau.

Lakini hebu tazama mizani yetu. Kwa kidani tulipata watu 60,000. Mwaka 2019, hapa hapa Kenya, ulitoka wimbo wa Alvindo, "Takataka". Habari yake ni mwanamume aliyekataliwa na msichana, basi kwa vile amekataliwa anamwita takataka. Nakumbuka watoto wa shule wakikiimba kiitikio ndani ya matatu, na sisi wakubwa tunatikisa vichwa kwa mdundo. Mwezi wa Aprili Bodi ya Filamu, KFCB, ikaupiga marufuku. Mwezi huo huo mwanafunzi wa udaktari aliuawa Eldoret na mwanamume, mchana kweupe, na mitandaoni wapo waliouliza ati alikuwa amekula pesa zake ngapi. Sisemi wimbo ndio ulioua. Nasema lugha ilikuwa moja: mwanamke akisema hapana, ana deni.

Sisi tulikuwa wapi? Saini zetu zilikuwa wapi? Suratul Hujurat inatukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, na inawataja wanaume na wanawake wote wawili. Haikusema mpaka liwe limeandikwa jina la Allah ndipo iwe dharau.

Kuna wengine watasema, basi tuweke video nzuri za wanawake wa Kiislamu na mambo yatakuwa sawa. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mwaka 2012 M.I.A., msanii wa Uingereza mwenye asili ya Sri Lanka, alitoa video ya "Bad Girls". Ilipigwa Morocco: wanawake waliojifunika wanaendesha magari kwa fujo jangwani. Wakati huo Saudi Arabia wanawake walikuwa hawaruhusiwi kuendesha gari, na ujumbe ulieleweka dunia nzima. Desemba 2016 Wasaudi wenyewe wakatoa video ya "Hwages". Inaanza na wanawake wanaoingia kiti cha nyuma cha gari, kisha anayekaa kwenye usukani ni mtoto wa kiume. Halafu unawaona wanawake hao hao, nikabu usoni, nguo za rangi kali chini ya mabaibui, wanateleza kwa vibao vya magurudumu na kucheza mpira wa kikapu. Ilitazamwa mara mamilioni.

Mimi naipenda ile ya pili. Nikabu haikuvuliwa, na bado mwenyewe ana miguu, ana kicheko, ana hasira zake. Hakuhitaji kuvua kitu ndipo awe mtu.

Lakini kumbukeni kilichofuata. Wanawake waliruhusiwa kuendesha Juni 2018. Mwezi mmoja kabla, Mei, baadhi ya wanawake waliokuwa wakidai haki hiyo walikamatwa. Loujain al-Hathloul alikaa ndani mpaka Februari 2021. Dunia ilishangilia picha ya mwanamke kwenye usukani, na mwanamke aliyeudai huo usukani yuko gerezani. Alama haifungwi jela. Mtu ndiye anayefungwa. Ukishangilia video na mtu humjui, umeshangilia nguo.

Na sisi watu wa Pwani hatuna haja ya kwenda Saudia kutafuta mfano. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, Unguja, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, wakati wanawake wa Afrika Mashariki waliorekodiwa hawakuwako. Miongoni mwa nyimbo zake mashuhuri ni "Kijiti", unaoeleza kisa cha mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyebakwa na kuuawa Zanzibar, na jinsi sheria ilivyoshindwa kumpatia haki. Mwanamke aliyeuawa hakugeuzwa pambo la wimbo. Aliimbiwa ili watu waulize: mbona mwenye kosa yuko huru? Huo nao ulikuwa muziki wa kupendwa, watu walikusanyika kuusikiza. Kwa hivyo asikwambie mtu kwamba burudani ni burudani tu.

Tufanye nini basi? Najua wengi jibu lenu ni moja: ipigwe marufuku. Mimi hapo nasita. Sisi wa Mombasa tunaijua ladha ya mlango kufungwa na dola. Novemba 2014 misikiti ilifungwa hapa na tukalia. Ukiizoesha serikali kuamua wimbo gani usikizwe, usishangae kesho ikiamua khutba gani isikizwe. Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza, na inalinda pia heshima ya kila mtu. Tunavitaka vyote viwili. Kukosoa kwa nguvu ni haki yetu. Kuita polisi kila tunapochukizwa ni kuikata fimbo tutakayopigiwa wenyewe.

Naomba tuanze na yaliyo mikononi mwetu.

Video ikikufikia, kabla hujaitupa kwenye grupu, jiulize maswali matatu. Mwanamke huyu ana neno lolote analosema au kutenda, au amewekwa kama lile gari la kukodi nyuma yake? Hii nguo au haya maandishi yamewekwa kwa sababu hadithi inayahitaji, au ili sisi tukasirike na wao wahesabu watazamaji? Na mimi nikiisambaza, ni nani atakayelipa: msanii, au msichana wa mtaani kwetu?

Swali la tatu ndilo zito. Ile video ya barazani, tuliisambaza sisi wenyewe tukisema "tazameni uchafu huu". Msanii akapata watazamaji. Msichana akapata matusi. Ukitaka kulalamika, muandikie msanii na mwenye kuongoza video kwa jina la kazi zao, eleza kosa, na uso wa msichana usiuweke.

Wasanii na wapiga video wa mitaani kwetu, nanyi tunawajua, mko wengi na mna vipaji mashallah. Tunaomba mambo mepesi. Mwambieni msichana siku kabla, si pale pale, atavaa nini na atavua nini. Andikeni kwenye karatasi, hata ukurasa mmoja, na malipo yaonekane. Akisema hapana katikati ya kazi, iwe hapana, na nauli yake apewe. Mkitaka kupiga video mbele ya msikiti au uani kwa watu, waombeni wenyewe. Na siku moja moja mpeni dada kamera. Mtashangaa yeye anaona nini kwenye vichochoro vile vile.

Na ndugu zangu wa barazani, hili ni letu. Usiku ule kulikuwa na dada mmoja amekuja kumchukua mdogo wake. Alisikiza kelele zetu, kisha akauliza, "Na huyo aliyevuliwa, mmemuuliza kama alitaka?" Tukanyamaza wote, mimi nikiwa wa kwanza. Yeye akamshika mdogo wake mkono akaenda zake.

Yule msichana sasa amerudi dukani. Wapo wateja ambao mpaka leo wakiingia wanachekeana na kunong'onezana. Tukitaka kulitetea buibui, tuanzie pale: ukiingia dukani, msalimie, nunua ulichokuja kununua, lipa, uondoke.