Chumvi ya kisima si chumvi ya bahari

Ndugu mwandishi, makala yako ya kufuga samaki wa matumbawe ni tamu, ila sisi wa Dodoma umetuacha njia panda. Kuna watu huku wanadhani maji yetu ya kisima, kwa kuwa yana chumvichumvi, yatawafaa hao samaki. Wapi! Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, tena chumvi za aina nyingi. Chumvi ya mezani haitoshi. Halafu samaki hao wanataka joto la nyuzi 26 hadi 28, na baridi ya Julai mnaijua. Umeme ukikatika usiku, kwisha habari.

Shughuli yenyewe ni vifaranga. Dume huyapepea mayai kwa mapezi, na yakikaribia kuanguliwa unaona vijicho vya rangi ya fedha vinakukodolea. Wakitoka, midomo ni midogo mno hata unga wa chakula hauingii. Wanataka vijidudu hai vya majini, unavyovifuga mwenyewe kwenye ndoo mapema. Hilo hukuligusa kabisa!

Anayeanza aanze na perege. Jike huatamia mayai mdomoni, na vitoto vikishaanza kujitegemea vinakula pumba iliyochekechwa. Mbegu aulizie Kingolwira, Morogoro.