Acheni kupaka lami juu ya kutu!

Leo tarakilishi naiweka kando. Sina msimbo wa kuwaonyesha wala programu mpya ya kupakua. Nina hasira tu, na hasira yenyewe inahusu magari, hasa haya ya kupanda milima na kuvuka mito ambayo sisi watu wa Nairobi tumeyapenda kupita kiasi: Prado, Surf, Pajero, Jimny na ndugu zao wote.

Hoja yangu naitoa mapema, anayetaka kunitukana aanze sasa. Kabla hujanunua snokeli, taa za LED, keria ya juu ya paa au springi za kuinua gari, lala chini ya gari lako utazame chesisi. Ukikuta kutu, usimruhusu mtu yeyote aifunike kwa ile dawa nyeusi kama lami ambayo mafundi wanaiita andasili. Anayekufunikia kutu hajakutengenezea gari, amekuficha habari.

Sisi waandishi wa programu tunaijua tabia hii vizuri sana. Programu inatoa ujumbe wa hitilafu kila dakika, mteja analalamika, basi mwandishi mvivu badala ya kutafuta chanzo anaandika mistari miwili ya kuumeza ule ujumbe usionekane tena. Mteja anashukuru, analipa. Baada ya miezi sita hifadhidata nzima ni takataka. Lakini hifadhidata angalau unaweza kuwa na nakala yake pembeni (kama una akili). Chesisi haina nakala.

Mimi naendesha Prado ya J90, ile iliyotengenezwa kuanzia 1996 hadi 2002. Maana yake ni kwamba hata iliyo changa kuliko zote ina zaidi ya miaka 20 leo. Chini yake kuna boriti mbili ndefu za chuma zilizounganishwa kama ngazi, na boriti hizo zina uwazi ndani. Hapo ndipo watu wengi hawaelewi. Matope na maji huingia kwa vitundu, yanakaa humo, vitundu vya kutolea maji vinaziba, na kutu inaanza kula kutoka ndani kuja nje. Ukiiona nje, ndani imeshakula na kushiba. Sasa wewe unapaka lami upande wa nje! Unyevu umefungiwa ndani, hewa haukosi, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, inavimba na kuibandua ile lami kidogo kidogo. Panapobanduka panakuwa mfuko wa kuhifadhi maji. Umelipa pesa ili chesisi yako ioze gizani.

Kuna wanaoniambia, "Nairobi hakuna bahari, kutu itoke wapi?" Itoke Japani, ndugu yangu! Sehemu kama Hokkaido na Aomori barabara hunyunyiziwa chumvi majira ya theluji. Gari likikaa huko misimu mitano au sita, chumvi imeshaingia kwenye kila mshono kabla meli haijafika Mombasa. Chumvi ilisafiri na gari, haikulipiwa hata ushuru. Na habari hii si siri: karatasi ya mnada ya Japani huandikwa herufi S penye kutu, ya neno lao sabi, na C penye kuliwa zaidi. Muuzaji akikuonyesha picha ishirini za viti vya ngozi na hakuna hata moja ya chini ya gari, mwombe hiyo karatasi. Akisema imepotea, potea na wewe.

Pwani ni balaa zaidi. Upepo una chumvi, na maji ya visima Mombasa mara nyingi ni ya chumvi pia, kwa hiyo hata anayeosha gari kila Jumamosi anaweza kuwa anaipaka chumvi chesisi kwa bidii. Rafiki yangu wa Kilifi alinunua Surf ambayo chini ilikuwa nyeusi ti, inang'aa kama kiatu cha polisi. Aliyemuuzia alimwambia, "Mkubwa, hii imepigwa andasili, ni ya maisha." Niligonga kwa nyundo taratibu karibu na mabano yanayoshikilia vyuma vya ekseli ya nyuma. Chuma kizima hulia. Hicho hakikulia, kilinyamaza, na mgongo wa nyundo ukazama ndani. Gari hilo lilikuwa likibeba mke wake na watoto watatu kwenda Malindi kila Ijumaa, kwa kasi mnayoijua ya barabara ile. Mabano hayo yakichomoka, ekseli ya nyuma inajipinda na gari linajiendesha lenyewe. Paipu za breki nazo ni za chuma, zinapita kando ya hiyo hiyo boriti, na zilikuwa zimefunikwa na lami ile ile. Nani angeziona zikioza?

Mimi mwenyewe nilipeleka Prado katika gereji moja hapa Nairobi (jina naliweka mfukoni) nikaomba wasafishe na kukinga kutu. Nikarudi baada ya saa moja nikakuta kijana ameshika bomba la kupulizia, na matope ya safari ya Chalbi bado yamo kwenye boriti, hayajakauka hata. Nilipomsimamisha, bosi wake aliniambia niache wasiwasi, "dawa hushika popote." Kweli, inashika. Inashika matope.

Na wale wa "Toyota haiozi" nawaomba wasome kidogo. Mwaka 2008 Toyota huko Marekani iliongeza dhamana ya kutu ya chesisi za Tacoma za 1995 hadi 2000 ikafika miaka 15, na magari yaliyooza kupita kiasi ikawa inayanunua kutoka kwa wenyewe. Mwaka 2016 ikakubali mapatano ya kesi nyingine, bila kukiri kosa, yaliyohusu magari kama milioni 1.5 ya aina za Tacoma, Tundra na Sequoia, kwa gharama iliyokadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Hayo ni magari ya chesisi ya ngazi, kama yetu. Nanyi wa Defender za zamani msicheke. Mabati yenu ni ya alumini, ndiyo, lakini chesisi ni chuma, na pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa.

Tuje kwenye mapambo. Kila taa unayoitobolea mwili wa gari inaacha ukingo wa chuma uchi, na fundi asipoupaka rangi ya zinki kabla ya kufunga skrubu, hapo ndipo kutu itaanzia. Springi ndefu zinageuza pembe za draivshafti na kuzisumbua boljointi za chini za mbele, ambazo kwa J90 tayari ni udhaifu unaojulikana. Snokeli haisaidii kitu kama bomba za kupumulia za ekseli na giaboksi bado ziko chini na zinanyonya maji ya mto. Kuzirefusha ni mpira wa bei ya chakula cha mchana. Winchi ndiyo inanitisha kabisa. Ile ya kawaida ya pauni 9,500 huvuta zaidi ya tani nne, na mzigo wote unabebwa na bolti zilizofungwa kwenye ncha za chesisi. Ncha ikiwa imeoza, kipande cha chuma kinaruka kama risasi kuelekea kwa yule anayewapiga picha.

Kazi ya kweli haina mvuto. Osha kwa maji matamu, nje na ndani ya boriti, mpaka yanayotoka yawe safi. Zibua vitundu. Acha gari likauke siku kadhaa, siyo saa moja. Nunua ile kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu, uipitishe ndani ya boriti. Kwa mtu wa tarakilishi hiyo ni burudani tosha. Panapomenyeka pakwanguliwe kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, kisha dawa ya asidi ya fosforiki, kisha rangi yenye zinki. Ndani ya boriti pulizia nta au lanolini, yale mafuta ya sufu ya kondoo, kwa mpira mrefu. Hayakauki yakawa gamba. Yanabaki laini na kutambaa hadi kwenye mishono. Lazima urudie kila mwaka. Oili chafu ya injini sitaki kuisikia, inaharibu bushi na kudondokea udongo.

Penye tundu, pakatwe hadi chuma kizima na kuchomelewa na mtu anayejua chesisi, siyo bati la debe kubandikwa juu. Ukitoka Chalbi, osha chini kabla ya kulala. Ukitoka Magadi vile vile, maana chumvi yake inakula chuma na magadi yenyewe hayapendani na alumini wala zinki.

Yule wa Kilifi aliliegesha gari siku ile ile. Mke wake sasa anapanda matatu kwenda Malindi, na ananilaumu mimi.