Stashahada inatosha kumwingiza mtu kazini

Sikubaliani na hoja kwamba Marekani iwatake wataalamu wote wa usafi wa kinywa na meno wawe na shahada ya miaka minne. Njia ya kawaida kule ni stashahada ya chuo cha jamii, takriban miaka mitatu ukijumlisha masomo ya awali ya anatomia, kemia na mikrobiolojia. Anayepita njia hiyo hufanya mtihani uleule wa taifa anaoufanya mwenye shahada, na huomba leseni ileile ya jimbo. Kama mwaka wa ziada ungekuwa wa lazima kwa usalama wa mgonjwa, basi mtihani huo haupimi kitu, na hilo sijaona mtu akilidai.

Utaambiwa kazi imepanuka: siku hizi wanachoma sindano za ganzi, tena wanahudumia wazee wenye kisukari. Ni kweli, lakini ujuzi huo hufundishwa kliniki. Programu nyingi za kujiendeleza hadi shahada husomwa mtandaoni, zikisisitiza utafiti, uongozi na afya ya jamii. Zinamfaa anayetaka kufundisha, si lazima anayekwangua ugaga. Wala sitetei njia za mkato. Alabama imeruhusu mafunzo ya kazini chini ya daktari wa meno, na mhitimu wake hupata taabu akihamia jimbo lingine, kwa sababu majimbo mengine hudai chuo kilichoidhinishwa. Kinachopaswa kukazwa ni ithibati ya vyuo na saa za kliniki, badala ya kumwongezea binti wa kipato cha chini mwaka mwingine wa karo.