Nywele Zikinyonyoka, Usikimbilie Rasta
Mwanamke aliyefiwa, aliyeugua sana au aliyeachishwa kazi anaweza kukaa miezi 2 au 3 bila dalili yoyote, kisha siku moja akafumua twende kilioni na kukuta kitana kimejaa nywele. Wengi hulaumu mafuta au jicho la jirani, kumbe chanzo kiko nyuma: mshtuko mkubwa wa mwili au akili husukuma nywele nyingi kwa mpigo ziache kukua, na zilizoacha kukua huanguka baada ya miezi hiyo. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Zinazotoka vishungi vishungi ndizo za kuangaliwa. Kosa kubwa ni kuficha hali hiyo kwa rasta nzito, kwani nywele za pembezoni mwa paji zikivutwa miaka mingi huenda zisirudi tena. Mwambie msusi alegeze mkono. Ukiona vipele kwenye mistari, fumua. Pumzisha dawa ya kulainisha, tumia kitana chenye meno mapana, kula maharage, dagaa na mchicha, na upate usingizi wa kutosha. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, basi subira inahitajika. Zikitoka kwa mabaka ya duara, au zikizidi kupungua baada ya miezi 6, nenda hospitali ukapimwe. Nasi tulio karibu na mwanamke anayenyonyoka nywele, tumuulize analala vipi na amebeba mzigo gani kabla ya kumshauri mafuta ya kununua.